Tunafuta Diski

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimezaliwa upya kibiashara. Gunia zima la diski! Shirika moja kule Handeni limefunga ofisi, wakawa wanatupa vitu nje, nami nikawahi kabla ya waokota chupa. Nimerudi Korogwe nimelipakata njia nzima. Abiria mwenzangu aliuliza kama nimebeba sahani za harusi. Nikamwambia nimebeba maisha yangu.

Diski zenyewe si zile za kuchoma mara moja ukamaliza. Ni zile za kufuta na kuandika tena. Sasa hivi zimejaa semina. Semina ya mbuzi wa maziwa. Semina ya choo bora. Semina ya namna ya kuandaa semina! Nitafuta zote, nichome humo harusi, kwaya, kipaimara. Mteja akichoka nayo anairudisha, nafuta, nachoma kingine. Diski moja, maisha yote. Sijui kwa nini nchi hii haijanigundua mpaka leo.

Jabiri kaja kuchungulia gunia. Huyu ni jirani yangu hapa Manundu, kibanda chake kinatazamana na changu, kazi yake kuwajazia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Kauliza kama nimeanza biashara ya kufukuza ndege shambani, maana siku hizi diski watu wanazitundika kwenye mtama zimulike. Nikamjibu kwamba flashi hupotea mfukoni lakini diski haipotei. Akasema haipotei kwa sababu hakuna anayeitafuta. Wateja wake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mtoto wa juzi tu yule! Hata shikamoo hanipi vizuri, huimeza nusu.

Nimemjibu kwa vitendo. Nimeandika kibao kipya kwa rangi nyekundu: TUNAFUTA DISKI. Chini yake: KABISA.

Hilo la KABISA lina maelezo yake, na yanabaki humu. Kompyuta yangu ina kufuta kwa namna mbili. Kuna kufuta kamili, ambako mashine inapita diski yote toka katikati hadi ukingoni, unaweza kuinjika maharage yakaiva kabla haijamaliza. Na kuna kufuta haraka. Hapo inafuta pale mwanzo tu, panapoiambia deki kitu gani kiko wapi. Vitu vyenyewe vinabaki mle mle, ila deki ikiingiziwa inaona diski tupu. Mimi nafuta haraka. Maisha ni mafupi, na umeme wa huku ni mfupi zaidi.

Jumanne, 4 Juni

Jamani, jamani, jamani.

Naishi na shangazi yangu Getruda, dada wa marehemu baba. Ananipikia, ananisema, na ndiye aliyenibebea posa yangu Handeni. Jana wakati wa chakula nilimwambia, kwa kujisifu tu, kwamba kesho yake diski zote kibandani lazima zifutwe. Basi. Alfajiri mama wa watu kachukua kanga kuukuu na ndoo ya maji ya sabuni, kaenda kibandani, kazifuta. Zote! Za gunia na za wateja zilizokuwa mezani zinasubiri kuchukuliwa. Kazitoa kwenye makava, kazipangusa moja moja zikang'aa, halafu kazipanga ndani ya boksi nililoliandika ZIMEFUTWA.

Nilipofika nilikuta boksi limejaa na meza nyeupe. Shangazi kasimama mlangoni anasubiri asante.

Sasa mbuzi, vyoo na vipaimara vyote vina sura moja. Mama Asnath alikuwa wa kwanza kufika, anataka kipaimara cha binti yake. Nikajikaza kiume, nikachagua moja iliyonitazama vizuri, nikampa. Baada ya muda mfupi karudi amefura. Wageni walikuwa wamekaa, soda zimefunguliwa, bibi mzaa baba katoka Mpale mahususi, deki ikawashwa, akatokea bwana mmoja mwenye koti anaeleza kina cha shimo. Bibi alidhani ndiye askofu. Akapiga ishara ya msalaba.

Jabiri kasikia yote. Kavuka barabara kuniuliza kama choo kimepokea Roho Mtakatifu.

Nikamkalisha shangazi chini. Nikamweleza kwa upole, japo kichwa kilikuwa kinaniwaka, kwamba katika kibanda hiki neno kufuta lina maana moja tu: kuondoa kilichomo. Ukipitisha kitambaa, huko ni kupangusa. Basi! Shangazi akanijibu kwamba yeye toka azaliwe Mashewa anafuta meza, anafuta viatu, anafuta machozi ya watoto wa watu, na hajawahi kuona meza imepotea kwa kufutwa. Akachukua ndoo yake akaondoka. Mchana sikuletewa chakula.

Si wakati mzuri wa kukosana na shangazi. Posa yangu kwa Emiliana bado inaning'inia. Baba yake, Mzee Mhina, aliwahi kuwa nyapara kwenye mashamba ya mkonge, sasa analima mahindi Handeni, na hajaacha unyapara. Kila kitu kwake ni "Hebu nione." Alipoletewa posa alisema hebu nione. Kisha akasema hatoi jibu mpaka ipite misa ya kumbukumbu ya marehemu mkewe, Mama Grasiana, aliyefariki mwaka jana. Misa ni Jumamosi hii. Kwa hiyo mpaka Jumamosi Simeo Mdoe lazima awe malaika.

Jumatano, 5 Juni

Malaika nimekuwa! Mzee Mhina mwenyewe kaja kibandani kwangu!

Alikuja Korogwe kununua mchele na turubai la Jumamosi. Nikamwona kasimama barabarani, mikono kiunoni, anasoma kibao changu herufi kwa herufi. Moyo ukanilipuka. Nikatoka mbio, nikamwamkia shikamoo ya kuinama. Akaitikia marahaba, akaingia, akatazama kuta, akasema, "Hebu nione hiyo mashine." Nikamwonyesha. Akaguna. Kuguna kwa Mzee Mhina ni sawa na mtu mwingine kukupigia makofi.

Halafu akatoa kitu mfuko wa ndani wa koti. Diski, imeviringishwa kwenye leso. Haina kava, haina maandishi. Akasema nimfutie. Akasema siku hizi inamsumbua sana, nimfutie vizuri, Emiliana ataipitia Ijumaa.

Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, diski haina jina, imefichwa ndani ya leso, na inamsumbua! Nikaelewa mara moja. Kuna filamu nyingine mtu hununua stendi bila kujua, na nyingine hununua akijua. Sikuuliza neno. Mimi ni mtu wa siri. Nikamwambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi, hata mimi mwenyewe sitaangalia." Akanitazama kama hakunielewa vizuri, akashukuru, akaondoka zake. Uungwana wangu umemgusa, nimeona.

Nimeifuta papo hapo. Haraka, kama kawaida. Nilifikiria kidogo kama baba mkwe anastahili kufuta kamili, lakini umeme ulikuwa umeshaanza kupepesa.

Nimemsimulia shangazi jioni, kumwonyesha kwamba kuna watu wanaolielewa neno. Aliacha kuchagua mchele akaniangalia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwisha.

Emiliana kapiga simu asubuhi, sauti nzuri kama kawaida yake, kuuliza kama nimeshaifuta diski ya mama. Nikasema diski ipi ya mama. Akasema ile aliyoileta baba. Ile ya mama anaimba kwayani, niliyowachomea mimi mwenyewe mama alipokuwa hai. Imekuwa ikikwama kwa sababu baba huishika kwa vidole vya mafuta kila jioni anapoiangalia. Ameshawatangazia watu wote kanisani kwamba Jumamosi baada ya misa watamsikia Mama Grasiana akiimba. Alitoka nayo nyumbani kutafuta wa kuisafisha, kaona kibao changu kwamba nafuta diski, akafurahi sana. Akasema kumbe yule kijana ana akili.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, kama kuna nakala nyingine. Akasema hakuna. Kamera ya kwaya iliibiwa, na mama hakupenda kupigwa picha na simu. Ni hiyo tu. Nikamwambia ndiyo naimalizia.

Nimeiingiza kwenye deki. Diski tupu. Nimeitoa, nimeipuliza, nimeirudisha. Tupu. Nimeiingiza kwa kuivizia, ghafla. Tupu!

Hivi kweli, Kiswahili chote hiki, na mzee wa watu hakuweza kusema nipangusie? Nani aliyemfundisha kuongea vile? Na mimi nani alinituma kuandika KABISA?

Mchana nikapata wazo. Naliandika hapa ili ijulikane kwamba sikukaa tu. Shangazi alikuwa mwanakwaya huko Mashewa na joho lake bado lipo. Umbo lake na la Mama Grasiana, kwa mbali, halipishani sana. Nikipiga picha kutoka nyuma, kajaa mwanga wa dirishani, anaimba kwa sauti ya pili, nani atajua? Wazee wenyewe macho yao hayaoni vizuri. Nikamweleza shangazi mpango wote, hata mahali pa kusimama nilishapaweka alama ya chaki.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama nataka amwigize marehemu mbele ya mume wa marehemu, kwenye misa ya marehemu. Nikasema kwa nyuma tu. Akavua kandambili. Nimekimbia mpaka kwa muuza mkaa.

Aliponikuta huko, hasira zilikuwa zimempungua. Alisema jambo moja tu: niende kwa Jabiri. Heri nife.

Ijumaa, 7 Juni

Sikufa. Nimeenda kwa Jabiri.

Nilimkuta anamjazia mtu nyimbo. Nikamwambia ninaye rafiki ambaye kwa bahati mbaya amefuta diski. Akauliza rafiki yako alifuta kamili au haraka. Nikajifanya nachagua flashi. Akauliza tena. Nikasema, kwa sauti ya chini, haraka. Akapasuka kicheko. Akanyoosha kidole kwenye kibao changu, pale palipoandikwa KABISA, akawasomea wateja wote. Kisha akaniambia, huku anajifuta machozi, kwamba nimshukuru Mungu kwa uvivu wangu. Ningekuwa mtu mkweli, mama wa watu angekuwa ameshapotea.

Nikamwomba. Akasema atajaribu, ila ana sharti. Nikajua atataka mashine yangu, au gunia langu. Wala! Anataka shikamoo. Kila asubuhi, mwezi mzima, nivuke barabara nimwamkie mbele za watu, kwa sauti, nimalizie na neno fundi. Na nianze sasa.

Nina ndevu zenye mvi mbili. Jabiri nilimwona akiwa mtoto, anatembea bila suruali mtaani hapa. Nikasimama mbele ya watu wale, nikasema, "Shikamoo, fundi." Akajibu marahaba ya kuvuta, mikono nyuma, kama mkuu wa wilaya.

Nikageuka. Emiliana kasimama nyuma yangu. Alikuwa ameifuata diski.

Hapo hata uongo ulinikimbia, mimi ambaye sikosi. Nikamwambia yote. Nilitegemea anitukane, ningejua la kufanya. Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi la Jabiri, mkoba mapajani, akaangalia chini. Akasema sauti ya mama yake akiongea ameshaanza kuisahau. Anajua alikuwa akimwita vipi jikoni, maneno anayo, ila sauti haiji tena. Akiimba ndiyo anamkumbuka, kwa sababu ya ile diski. Kama na hiyo imeondoka, basi imeondoka. Hata Jabiri aliacha kucheka.

Akafanya kazi. Lazima niseme alifanya kazi, ingawa kuliandika kunaniuma. Akaeleza kwamba kompyuta ikishaambiwa diski ni tupu haitaki hata kuisoma, kwa hiyo inabidi idanganywe. Unachoma kitu kidogo sana pale mwanzo, iamini kuna kitu, halafu unailazimisha iendelee kusoma mbele. Hicho kipande kidogo cha mwanzo kitaliwa, hakirudi. Nikauliza kidogo kiasi gani. Akaniambia niwe nauliza hivyo kabla ya kufuta.

Umeme ukakatika katikati. Bila shaka! Nikashika kichwa. Jabiri hakushtuka, ana betri la jua. Mimi sina betri la jua, nina gunia.

Tukasubiri. Halafu kwenye spika zake zile kubwa ikatoka kwaya, wimbo umeanzia katikati, na juu ya sauti zote sauti ya Mama Grasiana, nyembamba, imenyooka. Emiliana akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilienda nje kukagua kama gari la maji limepita.

Jabiri kasema bado kuna kitu kingine baada ya kwaya, atakitoa nacho. Atatia vyote kwenye flashi aje nayo Handeni mwenyewe, maana mimi haniamini kubeba. Nimekubali. Baba mkwe hajui lolote, na Emiliana kasema hatamwambia kabla ya misa.

Jumapili, 9 Juni

Jana sikuandika. Tulirudi usiku.

Misa ilikwenda vizuri. Tukarudi nyumbani kwa Mzee Mhina, turubai limefungwa uwanjani, watu wamejaa, luninga kubwa imewekwa juu ya meza yenye kitambaa. Nilivaa suti. Nilikaa karibu na wazee, karibu kiasi cha kuonekana lakini si cha kuulizwa. Shangazi alikaa na akina mama, akanikata jicho: tulia. Jabiri akachomeka flashi yake kwa madaha, kama anawasha mwenge.

Kwaya ikaanza. Mama Grasiana mstari wa mbele, joho la bluu, anatingisha kichwa kidogo kama alivyozoea. Mzee Mhina alikaa wima, mikono magotini, hakupepesa. Akina mama wakaanza kulia polepole. Nikajisemea Simeo, umepona. Nikaanza hata kufikiria siku ya harusi.

Kwaya ikaisha. Luninga ikawa nyeusi kidogo. Mzee mmoja akasafisha koo ili ashukuru.

Nikatokea mimi.

Mimi! Kwenye luninga! Mto wa kulalia nimeuchomeka ndani ya shati uwe kitambi, mwavuli mkononi, natembea mbele ya makava ya diski kibandani kwangu, natoa sauti nzito: "Hebu nione! Hebu nione! Wewe kijana, unachomachoma vitu, mwisho utachoma nyumba!"

Nikakumbuka. Ilikuwa zamani, siku niliponunua kamera, mzee ameshanikaripia kwa kumzungukia Emiliana. Nilijaribia kwenye diski hiyo hiyo, nikaifuta, haraka, kisha nikachoma humo kwaya ya Mama Grasiana nikampa kama mpya. Kwaya ilikuwa fupi. Upuuzi wangu wote uliozidi ukabaki huko mwishoni, mzima kama ulivyo, na Jabiri kautoa wote. Nikamtazama Jabiri. Jabiri alikuwa anatazama dari la turubai.

Mzee Mhina akasimama. Akapandisha suruali. Akaweka mikono kiunoni. Na kwenye luninga, wakati huo huo, ikasikika sauti ya mwanamke nyuma ya kamera.

"Siyo hivyo, Simeo! Pandisha suruali kwanza. Akikasirika huwa anapandisha suruali kwanza!"

Mimi wa kwenye luninga nikapandisha suruali, nikaweka mikono kiunoni. Kamera ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Eeeh! Hapo! Ndiye huyo, ndiye mume wangu kabisa!" Akacheka, akacheka, mpaka kamera ikaangalia sakafu.

Ni yeye. Alikuwa amekuja kibandani siku hiyo kuulizia bei ya kuchomewa diski ya kwaya, nikampa kamera anishikie. Nilisahau kabisa.

Pale uwanjani Mzee Mhina alikuwa bado amesimama, suruali juu, mikono kiunoni. Watu wakamtazama yeye, wakatazama luninga. Mtu mmoja huko nyuma alishindwa kujizuia. Halafu wa pili. Emiliana alikuwa analia na kucheka, hajui aanze na kipi, anasema tu, "Ndiyo anavyoongea. Ndiyo anavyoongea hivyo." Mzee akageuka kwa Jabiri. Akasema, "Rudisha nyuma."

Jabiri akarudisha. Mzee akasikiliza. Akasema rudisha tena. Kila mara mimi natembea na mto tumboni mbele ya ukoo wote wa mchumba wangu, lakini mzee hakuwa ananiangalia mimi. Alifunga macho. Alikuwa anamsikiliza mkewe anamcheka. Mwisho akacheka na yeye, kicheko kikavu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, halafu akatoa leso.

Jioni akamwita shangazi Getruda pembeni. Shangazi kanieleza njiani tukirudi. Mzee kasema kijana huyu hana akili, hilo limethibitika mbele ya mashahidi. Lakini mama Emiliana hakuwa mtu wa kumchekea mtu asiyempenda. Kwa hiyo posa ameipokea.

Nilitaka kumkumbatia shangazi. Akasema nisimguse, bado ana hasira ya joho.

Jumanne, 11 Juni

Biashara imekolea. Habari zimefika mpaka Mpale. Watu wanakuja na madiski ya zamani wakiuliza kama chini yake kuna mtu. Mmoja kataka baba yake. Mwingine anamtafuta mjomba aliyeondoka na ng'ombe. Nimeongeza maneno kwenye kibao: TUNAFUTA, TUNAFUFUA. Katekista kapita, kasoma, kanionya. Nimemwambia ni ya diski tu.

Asubuhi nilimwamkia fundi. Marahaba yake inazidi kurefuka.

Halafu Emiliana kaja, mchumba wangu rasmi, na ile diski yenyewe, safari hii ndani ya kava. Flashi hawaiachi, baba yake anatembea nayo shingoni na rozari. Lakini diski kaniletea mimi, si Jabiri. Kasema baba haachi kuwaza. Kila jioni anasikiliza kile kicheko, na sasa anataka kujua kama kuna zaidi. Huenda mama alisema na kitu kingine siku hiyo. Huenda alimtaja jina. Kasema, "Simeo, tafuta tu, pole pole. Baba anakutegemea." Machoni mwake niliona imani. Sijazoea kuona kitu kama hicho.

Nimemuuliza Jabiri, kwa mzunguko. Kasema alitoa vyote alivyoviona, labda kuna vipande vidogo vimebaki, atavitafuta akipata nafasi mwisho wa wiki, na mimi nisiiguse hiyo diski kwa kitu chochote, hata kwa pumzi. Wivu mtupu. Anaona kazi imeletwa kwangu.

Nimekaa nikafikiri, na nimeligundua jambo ambalo Jabiri na kompyuta zake zote hajaliona. Kabla sijaifuta hii diski, ilikuwa na kwaya tu. Mzee kaiangalia mwaka mzima, kwaya tu. Nilipoifuta ndipo Mama Grasiana akatoka huko chini anacheka. Kwa hiyo kufuta ndiko kulikomtoa! Nilifuta juu juu, akatoka kidogo. Kosa langu lilikuwa uvivu. Mzee wa watu ananitegemea, na safari hii sitamfanyia kazi ya haraka.

Nimebonyeza kufuta kamili. Umeme leo ni imara ajabu, mashine inanguruma vizuri, inapita diski yote toka katikati kuelekea ukingoni. Nimeinjika na maharage.

Emiliana kapiga simu sasa hivi kuuliza nimefikia wapi. Nimemwambia nimefika nusu, wawashe deki, wakae tayari. Mama yuko njiani.